Pete Mbili Zilizokataa Kuachana

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani kwa Mama,
Jumapili, tarehe ishirini na sita, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako, nyingi, na uzigawe humo ndani kabla hazijapoa. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, yule mdogo kifua kimepona? Uliandika kwamba alikuwa akikohoa mpaka jirani anagonga ukuta. Nikasema huyo jirani naye ana roho ngumu. Mpe maji ya uvuguvugu, mfunge shingo, na usimwache akanyage sakafu ya baridi bila soksi. Najua unayajua haya, lakini nisipokuambia mimi nitakuwa dada wa nini.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti humsumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Mimi mzima, ila nimeungua kidogo kifundo cha mkono wa kushoto, mambo ya kazini, kidonda kimekauka. Ule mlango wa jikoni uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa nimeutia bawaba mpya, sasa Mama analalamika kwamba hasikii tena nani anaingia kudokoa. Baba nitamfikia. Usiruke mistari kumtafuta, nakujua.

Uliniuliza swali moja tu katika kile kikaratasi ulichoniandikia mimi: je, Baba amelifungua lile fumbo la pete mbili? Nimekaa siku kumi na tisa bila kukujibu. Si uvivu. Nilikuwa na aibu, na mwenye aibu kalamu humwia nzito. Leo nakueleza yote, na ukitaka kunicheka ucheke, ila malizia kusoma kwanza.

Nianze na siku kasha lako lilipofika. Unakumbuka Baba alivyokuwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia. Mdomo ulinyooka baada ya wiki chache, mguu ukakubali fimbo, lakini mkono ukabaki nyuma. Kusogea ulisogea. Ulichokosa ni kuhisi. Alikuwa akikamata kikombe cha moto mpaka Mama anampokonya, yeye hana habari. Mtu aliyekuwa akipapasa bomba akakuonyesha mahali lilipokonda, sasa anautazama mkono wake kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Yule dada wa mazoezi ya viungo anayekuja Jumatatu na Alhamisi, ambaye Baba amembandika jina la Kocha, alitueleza wazi. Vidole visipopewa kazi vitajikunja, na vikishajikunja kabisa havitarudi. Akamletea mpira laini wa kuminya. Baba akasema yeye si mtoto wa kuchezea mpira, akamrushia mbwa wa jirani. Wa pili haujulikani ulipoishia. Kwa hiyo wewe ulipowaza kumpelekea mafumbo ya chuma, uliwaza kama mtu anayemjua baba yake. Mpira angeweza kuudharau. Chuma hawezi.

Kasha lililetwa karakanani, basi nikalifungulia hukohuko. Vyuma sita, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi laini: misumari miwili iliyopindwa ikakumbatiana, moyo wa waya uliomeza kitanzi, minyororo iliyoshikana, na vingine ambavyo hata leo sijui nivieleze vipi. Nikavipanga mezani nikaanza kukagua kimoja kimoja, maana kitu cha chuma kikipita mbele yangu sikiachi bila kukikagua. Cha sita ndicho kile cha pete mbili nene zilizoshikana. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na mwanya, upana wa ukucha hivi, umepasua chuma kutoka ndani hadi nje.

Sasa mdogo wangu, wewe uliyekulia kwenye vitabu ungeuona ule mwanya ukasema, aha, hapa pana siri. Mimi nilikulia kwenye ile karakana. Niliuona nikasema, hawa watu hawakumaliza kazi. Wewe pia unaijua kauli ya Baba: chuma chenye ufa hakivuki mlango huu. Nikakuonea huruma. Nikasema, mtoto wa watu amejinyima, amemtafutia baba yake zawadi, kumbe dukani wamemuuzia kibovu. Na Baba akikiona hatasema kitu, atakigeuza mara moja tu na kukiweka kando, nawe huko uliko hutajua kamwe kwamba zawadi yako haikupita.

Nikakusitiri. Niliwasha gesi, nikauziba ule mwanya, nikapiga tupa, nikapiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ule wa mwisho ulio laini kama kitambaa. Nikang'arisha. Nilipomaliza ungeapa pete ile imezaliwa nzima. Miaka yote hii ya kuchomelea sijatoa kazi safi kama ile, na inaniuma kwamba kazi yangu nzuri kuliko zote ni hiyo.

Ikawa hivyo. Nikampelekea Baba mafumbo sita, matano yanafunguka na moja halifunguki mpaka siku ya kiama.

Mwanzoni alijitia hayaoni. Yalikaa juu ya meza siku mbili. Ya tatu nikamkuta ameshika ile misumari, mkono wa kushoto ndio unaohangaika, wa kulia umewekwa tu kama jiliwa, kushikilia. Lakini haya mafumbo yana hila. Mkono mmoja hautoshi. Ukifika mahali fulani lazima mikono yote miwili igeuke kwa pamoja, huu juu, huu chini, na Baba alipogundua hivyo akaanza kuugombeza mkono wa kulia kwa sauti, kama alivyokuwa akitugombeza sisi. Ulikuwa unasikia tokea jikoni: geuka, geuka basi, umelala?

Misumari ilimchukua siku nne. Nilikuwepo ilipoachana. Haikutoa sauti yoyote. Sekunde hii imeng'ang'ana, sekunde inayofuata mmoja uko huku na mwingine kule, naye amebaki kuitazama bila kujua alifanyaje. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo adhabu yake, maana papo hapo unataka kurudia ili ujue, na hairudii. Baba alikaa siku nyingine mbili akitafuta njia ya kuirudisha.

Nyumba nzima tuliambukizwa. Mama alisema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi, halafu nikamfuma nyuma ya kabati ameshika ule moyo wa waya, akaniambia anaufuta vumbi. Aliufuta vumbi wiki nzima. Kinyozi wa hapo jirani ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuja kumnyoa Baba, akaokota misumari huku anapiga soga, ikaachana mikononi mwake bila yeye hata kuitazama. Akatamba mtaa mzima kwamba amezaliwa na kipaji. Tukamwambia arudie. Aliazima, akaenda nayo kazini, na kuna mteja aliyekaa kwenye kiti chake na nusu ya ndevu akimngojea amalize. Siku ya tatu akaja kwangu kimyakimya kuuliza kama nina koleo la kumwazima. Nikamwambia koleo ninalo, ila nikimpa itabidi nimwambie Baba. Akageuka akaenda zake.

Mimi mwenyewe siyapendi, nakuambia ukweli. Mimi na chuma tumezoeana kwa njia moja: kikikataa, nakitia moto. Haya hayataki moto wala nguvu. Ukivuta, yanazidi kukaza. Ukitulia ukaacha vidole vizunguke vyenyewe huku unawaza mambo mengine, ndipo yanakuonyesha njia, kwa muda mfupi sana, na kama hukuwa makini yanaifunga tena. Niliwahi kuketi na ile minyororo tangu chai ya asubuhi mpaka Mama akaja kuniuliza kama leo karakana haina mwenyewe.

Baba aliyamaliza matano katika wiki saba. Sijui kama nilikuandikia wakati ule, lakini alianza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Kocha akawa anaingia na kucheka kabla hajasalimu. Vidole vilikuwa vinanyooka. Kuhisi bado, ila alisema tuwe na subira, mstahimilivu hula mbivu, na Baba akamjibu kwamba yeye ameshastahimili mpaka ameota kutu.

Ndipo akashika pete mbili.

Wiki ya kwanza alifurahi kwamba amepata mpinzani. Wiki ya pili akaomba karatasi na penseli, akazichora kila upande. Ya tatu akaacha kuongea wakati wa kula. Alikuwa anaamka nazo, anakwenda nazo msalani. Hakuwahi kushuku kwamba kuna mkono ulipita pale, kwa sababu kwake kitu kikitoka kiwandani na kikatumwa na mwanawe, kimekamilika. Kwa hiyo kama hakifunguki, kasoro iko kwa anayefungua. Ya nne akaanza kujijaribu. Nilimsikia akijitajia ukubwa wa keekee zote za kutobolea chuma tangu ile ndogo kabisa, akakosea moja, akaanza upya, akakosea tena palepale.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, aliyafunga mafumbo yote kwenye kitambaa, akamkabidhi Mama, akasema ampe mtu mwenye akili. Mimi nilikuwa mlangoni navua buti. Akanitazama, akaniambia hivi:

"Mkono nilijua umekufa. Kumbe na kichwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Sijui nilikula nini jioni ile.

Kuanzia hapo akakataa kila kitu. Kocha alipokuja alimgeuzia kisogo. Mimi akaniambia nikashushe aproni yake ya ngozi pale ukutani karakanani, isiendelee kula vumbi bure. Sikuishusha. Baada ya muda mfupi Kocha akaniita pembeni, akanionyesha jinsi vidole vya kulia vilivyoanza kurudi kwenye kiganja. Akasema vimebakiwa na mwezi mmoja hivi. Ukipita huo, hata yeye hataweza kufanya kitu. Kwa hiyo uelewe, mdogo wangu, nilichokuwa nimekiziba hakikuwa kimwanya cha pete tu.

Jumanne tarehe saba bahasha yako ikafika, barua ya wazazi na kikaratasi changu ndani yake. Nilikisomea karakanani. Nikafika kwenye mstari ule: usimwambie Baba, lakini siri yake ni ule mwanya, kuna mahali pamoja kwenye pete nzima pamesagwa pakawa pembamba, upeleke mwanya hapo kwa mshazari, pete itatoka. Nikausoma mara ya pili. Kisha nikakaa juu ya ndoo ya maji, na haikuwa na kifuniko. Hapo unaruhusiwa kucheka.

Ningekwenda saa ileile nikamwambia, hadithi hii ingekuwa fupi. Sikwenda. Nilisema nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema akishakula, na akishakula nikasema asubuhi ndiyo nzuri. Nilikuwa naogopa mambo mawili. Kwanza, niliona haya: mimi ndiye niliyefundishwa naye kazi kuliko mafundi wote aliowahi kuwa nao, nami nimefanya kosa la mtu aliyefumba macho. La pili ni baya zaidi. Niliogopa hataniamini. Niliogopa atadhani nimetunga uongo wa kumfariji, na mtu akishaanza kufarijiwa kwa uongo ndani ya nyumba yake, amekwisha kweli. Mficha uchi hazai, ndiyo, nilijiambia kila siku, na kila siku nikaficha.

Nikapata hila. Niichukue ile pete, nikate mwanya upya, niirudishe kwenye kitambaa, halafu nimbembeleze ajaribu mara moja ya mwisho. Mama alipokwenda kliniki kupimwa presha nikafungua kabati lake, nikafungua kitambaa. Mafumbo matano. Pete mbili hazimo. Nikatoka nikamkuta Baba kibarazani, gazeti limefunika mapaja, mkono wa kulia uko chini ya gazeti. Nikajua anajitesa nazo kwa siri.

Siku zile akawa pia ananiuliza maswali ya kazi, jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Siku hizi kwenye kazi ndogo natumia gesi au umeme? Nikimaliza naanza na tupa ipi? Msasa wangu wa mwisho ni upi? Mimi kwa furaha kwamba anaongea nikawa namjibu kwa kirefu, kila swali na jibu lake, kama mtu anayejifungulia kesi mwenyewe. Mama naye mara tatu aliniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Mara ya tatu alinitazama sana, kisha akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumamosi tarehe kumi na nane tulikuwa mezani, mimi, yeye na Mama. Baba akatoa ule ufunguo wake wa karakana, unaujua, wenye kipande cha bomba, akauweka mbele yangu. Akasema niuchukue. Mtu aliyeshindwa na pete mbili hana kazi na ufunguo.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilisema kabla sijapanga maneno.

"Baba, ile pete haifunguki. Niliichomelea mimi."

Nikamweleza yote, kasha, mwanya, kukusitiri wewe, msasa mpaka wa mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza nimejua lini kwamba nimekosea. Nikasema Jumanne ya juma lililopita. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Siku kumi na moja, akasema. Nikasema ndiyo. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye sahani kama mtoto, na umri huu.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, mkono wa kulia, akatoa pete moja akaiweka karibu na ufunguo. Akaingiza tena, akatoa ya pili.

Alikuwa anajua tangu Jumatano, siku moja tu baada ya barua yako. Alimwomba Mama zile pete, si kwa kujaribu, alitaka tu kitu cha kushika. Akawa anatazama watu barabarani huku mkono wa kulia unaisugua pete bila yeye kuutuma. Mara kidole gumba kikagusa kitu, kama uzi umepita juu ya chuma. Alidhani anajidanganya. Akafumba macho, akazungusha pete, uzi ukarudi palepale. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, mkono mzima, akakosa kabisa. Wa kushoto umeota sugu kwa fimbo na kwa kazi zote unazobebeshwa. Wa kulia umekaa miezi bila kazi, ngozi imekuwa laini. Kile ambacho mkono mzima ulikipita wiki tano, mkono uliokufa ulikiona mara moja.

Na uzi wenyewe akautambua. Anasema nikifunga mzunguko wa kuchomelea huwa narudi nyuma kidogo, kosa alilonipigia kelele miaka ishirini. Msasa uliondoa mengine yote, hilo haukuliondoa. Yeye hakuniambia neno. Ijumaa nilipokwenda kufunga mageti mapya kwenye shule moja, alimchukua Mama, wakaenda karakanani taratibu na fimbo yake, ufunguo wake ukafungua. Mama akakaza jiliwa. Baba akakata kwa msumeno wa chuma, mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto ukiongoza. Ilimchukua zaidi ya nusu saa kwa kazi ambayo zamani ingekuwa ya kupepesa macho. Akatafuta pale pembamba kwa gumba lake, akapata. Pete ziliachana Mama akiwa bado anafagia unga wa chuma. Mama yetu huyu, anayesema hawezi kuficha hata siku ya kuzaliwa ya mtu, alirudi nyumbani akaniuliza kama nina neno.

Kwa hiyo hata siku ile nilipomkuta na gazeti mapajani, pete zilikuwa zimeshaachana. Alikuwa akizipapasa tu, na kuningoja.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Jibu lake nakuandikia kama lilivyo, maana sitalisahau:

"Kuziba ufa nilikufundisha mimi. Hilo kosa ni langu na wewe. Kunyamaza hukulipata kwangu. Mimi nilikuwa nazika kichwa changu kikiwa hai, na wewe unapita hapa na koleo lako mkononi."

Baadaye, nilipopata pumzi, nikajitutumua nikasema lakini Baba, kama nisingeichomelea, usingejua kwamba gumba limerudi. Akasema nisijisifu. Akauchukua ufunguo wake akaurudisha mfukoni. Mama akasema chakula kimepoa.

Usidhani alinikumbatia. Unamjua. Jumapili nzima hakuongea nami zaidi ya kuomba chumvi. Jumatatu asubuhi nikamkuta mlangoni amesimama, amevaa kofia yake ya kazi, ananiuliza kama siku hizi karakana inafunguliwa adhuhuri.

Nawe, kwa kuwa tumefika hapo, hujatakata. Uliniandikia nisimwambie. Kwa wema, najua. Lakini hata mimi nilinyamaza nikajiita mwema. Baba ameniagiza nikuambie kwamba yeye hana ugonjwa wa masikio, jambo lolote linalomhusu lipitie kwake. Nimemsomea kikaratasi chako chote, uwe na habari.

Kocha amempima, macho yamefumbwa, anamgusa kidole kimoja kimoja aseme ni kipi. Gumba anajua kila mara. Cha shahada anajua. Cha kati anabahatisha. Viwili vya mwisho bado, na Kocha hatuahidi kitu. Ila vimenyooka, na mazoezi hakatai tena, isipokuwa mpira.

Karakanani nimemwekea kiti karibu na mlango, penye mwanga. Hachomelei, mguu hauwezi kusimama muda mrefu na mimi sitaki. Lakini hakuna kazi yangu inayotoka bila kupita kwake. Nampelekea kiungo kikishapoa, anafumba macho, anapitisha lile gumba juu yake polepole mpaka mwisho. Wateja wanangoja, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Jana nilimpelekea viungo vinne vya kiti cha chuma. Vitatu akavikataa. Nikavikata vyote vitatu nikaanza upya, na nilikuwa naona moto vibaya kwa sababu ya machozi chini ya miwani. Mdogo wangu, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie ile shali inanifaa na ninaivaa hadi Mama anaulizia yake. Wabusu wanangu, mwambie yule mkubwa shangazi yake amepokea mchoro na amejitambua kwa miguu. Mama anakusalimu, anasema kula. Kinyozi naye anakusalimu, ila anakuomba kwa heshima usimletee mtu yeyote hapa mtaani chuma kingine kilichopindwa. Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia zako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima na sisi wote tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokuchelewesha,

Cheche

Baba amesimama nyuma yangu sasa hivi, ametaka niongeze hili. Anataka fumbo jingine, gumu kuliko yote uliyotuma. Usiandike siri yake popote. Na juu ya kasha uandike jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake uandike kwamba binti yake haruhusiwi kulifungua.